Madai kumi ya 1848 na siasa za leo

Wakomunisti walidai nini hasa? Nasikia tu "kugawana mali".

Kugawana hakumo. Ilani ya Kikomunisti ya Marx na Engels, iliyotoka London Februari 1848, ina madai kumi, yakiwemo ardhi kutokuwa mali ya mtu binafsi, kodi kubwa inayopanda kadiri kipato kinavyopanda, kufuta urithi, mikopo yote kushikwa na benki ya serikali, na elimu ya bure. Katika dibaji ya 1872 wenyewe walisema baadhi ya hayo yamepitwa na wakati.

Basi nchi yenye kodi ya ngazi ni ya kikomunisti?

Hapana; kodi hiyo humwachia mwenye mali umiliki wake. Tena watu huisoma vibaya. Tuseme 10,000 za kwanza hazikatwi, 20,000 zinazofuata hukatwa asilimia 20, na kinachozidi hapo asilimia 40. Mwenye 40,000 atalipa 8,000, yaani asilimia 20 ya kipato chote. Mwanasiasa akikutisha kwa "asilimia 40", muulize inaanzia kiasi gani.

Na urithi?

Hapo siasa zimerudi nyuma kabisa. Norway ilifuta hata kodi ya urithi mwaka 2014. Sweden ilitangulia, na waliokuwa madarakani ni Social Democrats, chama cha mrengo wa kushoto!

Uchumi wa mipango, yaani serikali kupanga nini kizalishwe, ulikwama wapi?

Kwenye vipimo, kwanza. Kiwanda cha Kisovieti kilichopimwa kwa tani za vioo kilitoa vioo vinene. Kilichopimwa kwa mita za mraba kilitoa vyembamba vya kuvunjika ovyo. Mkurugenzi alitimiza lengo, mnunuzi akabaki na hasara, na hakuwa na duka jingine la kukimbilia. Kubaya zaidi ni mashambani: serikali ilikusanya nafaka kwa mgao uliopangwa juu hata mavuno yalipopungua, na njaa ya 1932–33 ikaua mamilioni. Hapakuwa na gazeti huru la kupiga kelele wala kura ya kuwang'oa wakubwa.

Chama kikiahidi kutaifisha, nikiulize nini?

Fidia italipwa na nini, bei atapanga nani, na mambo yakiharibika nani ataondolewa na kwa njia gani. Uingereza ilipotaifisha Bank of England mwaka 1946, wanahisa walipewa hati fungani za serikali (hati za deni lenye riba), na uchaguzi uliendelea kama kawaida. Mwaka 1997 benki hiyo ilipewa uamuzi wa kupanga riba, huku ikibaki mali ya umma.