Nitawazuiaje wenzangu kuandika maneno ya skrini ndani ya msimbo?

Swali: Shikamoo kaka. Tuko watatu hapa Dodoma, tunatengeneza programu ya Android ya kuwapa wakulima bei za mahindi za soko la Kibaigwa, kwa lugha ya Kotlin na Compose, zana ya kuchorea skrini. Tulikubaliana maneno yote yakae kwenye faili ya maneno, strings.xml, ili tuwe na Kiswahili na Kiingereza, lakini kila mara nakuta mtu kaandika `Text("Bei ya leo")` katikati ya msimbo. Nimesema hadi nimechoka. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usiendelee kusema, iache mashine ikatae. Makubaliano ya mdomo huvunjika siku ile mnayokimbizana na tarehe ya kukabidhi kazi, na hapo hakuna mwenye nia mbaya.

Android Lint, zana ya kukagua msimbo, ina kanuni mbili za jambo hili, `HardcodedText` na `SetTextI18n`. Kwa kawaida hutoa onyo tu, ila ukiziandika chini ya `error` kwenye sehemu ya `lint` ya build.gradle.kts, faili ya mipangilio ya ujenzi, zitasimamisha ujenzi. Shida ni kwamba ya kwanza hukagua faili za XML na ya pili hukagua `setText`. `Text("Bei ya leo")` ya Compose haiguswi na yoyote kati ya hizo. Wengi huishia hapo wakiamini wamemaliza kazi.

Kwa hiyo tumia aina za data, ili skrini isiweze kupokea maneno matupu:

```kotlin
sealed interface Maandishi
data class Neno(@StringRes val id: Int) : Maandishi
data class Wingi(@PluralsRes val id: Int, val idadi: Int) : Maandishi
class Data internal constructor(val thamani: String) : Maandishi
```

Kisha tengeneza kijenzi kimoja, tuseme `Andiko`, kinachopokea `Maandishi` tu, na ndani yake ndimo `Text` iitwe. Kwingine kote ipigwe marufuku kwa Detekt, mkaguzi mwingine wa msimbo wa Kotlin: washa `ForbiddenImport`, utaje `androidx.compose.material3.Text`, uiache huru faili ya `Andiko` peke yake. Hakikisha `WildcardImport` nayo inafanya kazi, maana mtu akiingiza `material3.*` atapita bila kuonekana.

Usiidharau `@StringRes`, alama inayosema namba hii lazima iwe ya neno lililomo kwenye strings.xml. Kwa kompaila, `R.string.bei_ya_leo` ni `Int`, na bei ya mahindi nayo ni `Int`. Kwenye skrini za zamani, ukimpa `setText` namba 600, Android huenda kutafuta rasilimali yenye namba hiyo, haiioni, na programu inafunga ghafla mikononi mwa mkulima. Kwa alama hiyo, Lint huikataa `Neno(600)` mapema. Na mtu akikosea jina la ufunguo, msimbo haujengeki kabisa.

`Data` ni ya vitu vinavyotoka kwenye seva, kama jina la soko. Nimeifungia kwa `internal`, yaani itengenezwe ndani ya moduli yake tu, makusudi: hizi aina zote ziweke kwenye moduli inayosoma seva, skrini zikae moduli nyingine, ndipo hakuna atakayeandika `Data("Bei ya leo")` kukwepa sheria.

`Wingi` nayo ina sababu. Mtu akiandika `"Magunia " + idadi`, Kiingereza kitaharibika kwa kuwa namba hutangulia huko, na hata Kiswahili kitasema "Magunia 1". Weka `plurals`, maumbo ya umoja na wingi, yenye `one` na `other`. Ukiita `pluralStringResource`, idadi ipeleke mara mbili: ya kwanza huchagua umbo, ya pili hujaza `%d`.

Kiswahili kiweke kwenye folda ya `values` yenyewe, Kiingereza kwenye `values-en`. `values` ndiko Android inakokimbilia ikikosa lugha ya simu, na watumiaji wenu ni Waswahili. Neno likiwa kwenye `values-en` pekee, simu ya Kiswahili itaifunga programu.

Makosa ya zamani yahifadhini kwenye faili ya `baseline`, orodha ya makosa yanayosamehewa, Lint na Detekt zote zinayo, ili yanayozuia ujenzi yawe mapya tu. Halafu `./gradlew lint detekt` iendeshwe kwenye seva yenu ya kujengea msimbo kabla tawi lolote halijaunganishwa, lako likiwemo.