Maswali yenu: kuapdeti kontroboksi ya gari, na kurudi nyuma mambo yakigoma

Wiki hii meseji nyingi zimekuja za kitu kimoja, programu za ndani ya kontroboksi, zile kompyuta ndogo ndogo zinazoendesha injini, gia, ABS na eabegi. Nimechukua tano.

*Fundi kasema Noah yangu iapdetiwe kontroboksi ya gia na itachukua saa nzima. Mbona simu yangu inaapdeti haraka na faili lake ni kubwa mara mia? (Tabata)*

Kaka, njia ndiyo nyembamba. Kontroboksi nyingi zinaongea kwa waya wa CAN, yaani njia ambayo boksi zote zinapeana ujumbe, kitu cha kampuni ya Bosch cha mwaka 1986, na spidi yake mara nyingi ni kilobiti 500 kwa sekunde, alafu kila pakiti inabeba baiti 8 tu za mzigo, nafasi iliyobaki inaliwa na namba ya ujumbe na ulinzi wa makosa. Kwa hiyo unabaki na kama kilobaiti 30 kwa sekunde kama kila kitu kimekaa vizuri. Hapo bado memori yenyewe, mana haiandikwi juu ya maandishi ya zamani, inabidi ifutwe kwanza bloku kwa bloku ndo iandikwe. Magari mapya yanatumia CAN FD ya mwaka 2012, pakiti moja inabeba hadi baiti 64, inasaidia sana. Ila nikuambie ukweli, faili la megabaiti 2 hata kwenye CAN ya zamani ni dakika chache tu, sehemu kubwa ya hiyo saa ni maandalizi, na fundi anayetumia muda kwenye maandalizi ni fundi mzuri, usimharakishe.

*Umeme ukikatika katikati kontroboksi imekufa? (Mbagala)*

Sio lazima. Ndani kuna kipande kidogo cha programu kinaitwa butiloda, ndo kinaamka wa kwanza ukiwasha swichi, na kwenye apdeti ya kawaida hakiguswi. Kikikuta programu kubwa haijakamilika kinakaa kinasubiri iletwe tena, gari haiwaki lakini boksi ni zima. Shida ni pale mtu ameandika mpaka juu ya butiloda, au boksi halina ulinzi huo, hapo mpaka lifunguliwe na kuandikwa moja kwa moja kwenye chipu.

Hili limenikuta mwenyewe miaka ya nyuma, gari ya mteja, gereji moja hapa mjini, betri ilionekana nzima, nikasema ni dakika tano tu. Feni ya rejeta ikajiwasha yenyewe katikati ya kazi, volti zikashuka, mawasiliano yakakatika. Ilinichukua siku mbili kuirudisha na yule mama alikuwa anaitegemea gari kwa biashara yake, sijasahau. Tangu siku hiyo sianzi bila pawa saplai inayoshikilia kama volti 13.5 muda wote, sio ile chaja ya kawaida inayopanda na kushuka, na nazima AC, redio, taa, kila kitu. Betri nzima ikiwa imetulia inasoma kama 12.6, ikiwa chini ya hapo chaji kwanza.

*Nikiapdeti gari ikawa nzito kuliko mwanzo naweza kurudisha ya zamani? (Kimara)*

Dada, hili ndo swali ninalotaka kila mtu aulize KABLA, sio baada. Kwa magari tuliyonayo wengi hapa Dar, memori ina nafasi ya programu moja tu, mpya ikiingia ya zamani imefutwa, haipo tena. Kwa hiyo kurudi nyuma kunategemea kama fundi alisoma na kuhifadhi kopi kabla ya kuandika, na akaandika pembeni namba ya toleo na namba ya kontroboksi. Muulize hivyo hivyo, "kopi ya zamani umeiweka wapi?" Akikosa jibu, chukua funguo zako. Kuna boksi hazikubali kusomwa, hapo angalau awe na faili la zamani kutoka kwa mtengenezaji lenye namba ile ile.

Magari mapya yamefanya kitu nakipenda sana, memori imegawanywa pande mbili, A na B. Gari inatembea na A, apdeti inaandikwa B taratibu hata ukiwa barabarani, ikimaliza inakaguliwa saini (kwamba faili limetoka kwa mtengenezaji) na hesabu (kwamba halijaharibika), alafu ukizima na kuwasha inahamia B. B ikishindwa kuamka vizuri inarudi A yenyewe. Gharama yake ni memori mara mbili.

Ila angalia mawili. Kontroboksi ya injini na ya gia zinaelewana kwa toleo, ukirudisha moja peke yake zinaweza kugombana, kwa hiyo zirudi zote. Pili, matoleo mengine yamefungwa yasirudi nyuma makusudi, mana la zamani lina tundu la wezi na mtu akiweza kulirudisha anaingia humo humo.

*Gari zinazoapdeti kwa intaneti hazimalizi bando? (Mikocheni)*

Zilizotengenezwa vizuri hazishushi faili zima, zinashusha tofauti tu kati ya toleo ulilonalo na jipya, gari yenyewe inaunganisha. Ndo mana gari lazima ijue kwa uhakika ina toleo gani, tofauti ikiwekwa juu ya toleo lisilo lake hesabu zinakataa.

*Nina Prius ya 2010 kutoka Japani, inanihusu kweli? (Ilala)*

Sana, mzee wangu. Februari 2014 Toyota waliziita Prius milioni 1.9 duniani kurekebisha programu ya hybrid, mana transista, swichi za umeme za ndani ya mfumo huo, zilikuwa zinaweza kupata joto kali na gari ikapoteza nguvu au kusimama njiani. Dawa ilikuwa apdeti. Chukua namba ya chesisi uangalie kwenye tovuti ya Toyota ya Japani kama yako ilifanyiwa, kama bado nenda kwa fundi mwenye mashine ya Toyota, na betri ndogo ya nyuma muichaji kwanza.