Maswali na majibu: fesi woshi za asidi

Wiki hii karibu maswali yote ni ya hizi sabuni za uso zenye asidi, naona zimeingia kwa kasi, huku Mtwara mjini ukipita maduka ya vipodozi kila shelfu ipo, na wale wanaoagiza Kariakoo ndo usiseme. Nimeyafupisha maswali, majina nimeyaacha.

*Dada, chupa imeandikwa asidi asilimia 2. Asidi si ndo ile ya betri ya pikipiki? Nipake usoni kweli? (Shangani)*

Hapana mwaya, ya betri ni asidi ya salfuriki, ile hata nguo inatoboa. Zinazowekwa kwenye fesi woshi ni nyingine kabisa, kuna laktiki ambayo ni ile ile inayofanya maziwa mgando yawe makali, kuna glikoliki ambayo hata kwenye miwa ipo, hizo mbili kwenye chupa utaziona zimeandikwa AHA na kazi yao ni kulegeza ngozi iliyokufa juu juu itoke yenyewe bila kusugua. Alafu kuna salisiliki, hiyo ndo BHA, yenyewe inaelewana na mafuta kwa hiyo inapenya mpaka kwenye vitundu vilivyoziba, ndo maana mwenye chunusi na vile vidoa vyeusi vya puani anaambiwa aanze nayo. Asilimia 2 ya salisiliki ni kawaida, nyingi ni kati ya 0.5 na 2. Na hii ni sabuni jamani, inakaa usoni muda mfupi unaisuuza, sio kama seramu unapaka unalala nayo mpaka asubuhi. Anza na usiku mara mbili au tatu kwa wiki, uso ukitulia ndo uongeze. Ila kama asprini huwa inakuletea mzio, salisiliki iache, hizo ni familia moja.

*Natumia asubuhi na jioni, uso unawaka kama umepakwa pilipili na pembeni ya mdomo pamebanduka. Jirani anasema nivumilie, ndo inafanya kazi. (Masasi)*

Jirani mwambie asante alafu usimsikilize. Kuchonyota kidogo sekunde chache siku za mwanzo sawa, lakini kuwaka mpaka unatafuta feni, kubanduka, ngozi kuvuta ukicheka, hiyo ni ngozi imeumia. Na sisi weusi ngozi ikiumia haiishii kwenye wekundu, inaacha doa, doa lenyewe linaweza kukaa miezi, so mtu anaanza na chunusi 5 anamaliza na ramani. Acha hiyo sabuni kabisa, osha kwa maji na sabuni ya kawaida isiyo na manukato, paka losheni nyepesi au Vaselini kidogo pale palipobanduka, subiri mpaka uso urudi kuwa uso. Ukitaka kurudia, rudi na mara moja kwa wiki. Ukiona malengelenge au macho yamevimba usirudi dukani kuulizia krimu nyingine, nenda hospitali.

Na hicho kitu cha "chunusi zinatoka kwanza ndo zipone", kipo, ila ni vipele vidogo sehemu zile zile unazopataga chunusi siku zote. Ukiota vipele mashavuni na wewe chunusi zako ni za kidevu, hapo ngozi imekataa.

*Nabangua korosho hapa Lindi, vidole vimekuwa vyeusi vinachubuka, na usoni nimeanza kuwa na mabaka. Hiyo sabuni ya asidi itanisafisha? (Lindi)*

Swali lako ndo limenifanya niandike yote haya. Dada yangu, wewe asidi tayari unayo. Ule utomvu wa ganda la korosho, ule mweusi unaonata, ndani yake kuna asidi ya anakadiki na hiyo ukiiangalia kikemia ni ndugu wa damu wa salisiliki, ila yenyewe ina mkia mrefu wa mafuta unaoifanya ing'ang'anie ngozi, tena inakuja pamoja na kitu kinaitwa kadoli kinachobabua. Kwa hiyo mabaka ya usoni sana sana ni mkono, umebangua, jasho limetoka, umejifuta. Moshi wa kuchoma korosho nao unabeba huo huo utomvu, ndo maana macho yanawasha.

Ukienda kuongeza sabuni ya asidi juu ya ngozi iliyobabuka utalia. Kwanza paka mafuta ya kupikia au ya nyonyo mikononi kabla hujaanza, wengine wanapaka majivu na yanasaidia utomvu usishike, glavu ukipata ni bora zaidi ila zikitoboka badilisha. Kitambaa cha kujifutia jasho kiwe mbali na meza ya kazi na usikishike na vidole vya utomvu, jifute kwa nyuma ya mkono. Ukimaliza toa utomvu kwa mafuta kwanza, sabuni baadae. Uso ukitulia kabisa, mwezi au zaidi, hapo ndo tuongee habari za fesi woshi. Kama hauponi kamuone daktari wa ngozi, kuna watu wana mzio wa korosho wenyewe, na hao hata ganda la embe linawasumbua maana mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja.

*Mimi ni mwanaume, napuliza salfa kwenye mikorosho, uso mkavu na bado una chunusi. Natumia ipi? (Tandahimba)*

Msimu wa kupuliza usitumie ya asidi kaka. Salfa yenyewe inakausha ngozi, tena wapo wanaoitumia kama dawa ya chunusi, ukiongeza na asidi unakausha mara mbili. Funga uso, vaa miwani, ukirudi osha vumbi lote kwa sabuni laini na upake losheni. Salisiliki anza ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaopulizia salfa, ukishaisha shambani, na uipe wiki 6 mpaka 8 kabla hujasema haifanyi kazi.

*Ina maana jua la Mtwara na hizi sabuni haviendani? (Mikindani)*

AHA ndo yenye kesi zaidi, inafanya ngozi iungue na jua kirahisi na hali hiyo inaweza kubaki kama wiki hata ukishaacha. Sisi huku mwezi wa 10 na wa 2 jua linapita utosini kabisa. Osha nayo usiku, mchana paka sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, kama hela haipo basi mtandio na kofia pana, na usisubirie boti saa 7 mchana uso wazi.

*Limao na sukari si kazi ile ile, tena bure? (Nachingwea)*

Hapana. Limao ni kali kupita hizo sabuni zote na hakuna aliyeipima, juisi yake ikikutana na jua inaweza kukuachia mabaka meusi. Tia kwenye samaki.

*Nina mimba ya miezi 4, niendelee? (Mtwara mjini)*

Ya kuosha na kusuuza yenye laktiki au glikoliki kidogo kwa kawaida haina shida, salisiliki ya asilimia ndogo ya kuosha pia wengi wanaruhusiwa, ila ionyeshe chupa kliniki siku ya mahudhurio. Tretinoini na jamii yake, zile dawa za ngozi za ukoo wa vitamini A, ndo usiguse kabisa.

*Nikichanganya na krimu yangu nitang'aa haraka? (Ndanda)*

Kung'aa au kuwa mweupe? Hizi sabuni hazibadilishi rangi yako, na hiyo krimu kama haina orodha ya vilivyomo, au ni ya kukorogwa kwenye kikopo, inaweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi, na zebaki inakwenda mpaka kwenye figo. Vipodozi siku hizi vipo chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, tazama alama na tarehe. Nitumie picha ya kikopo nyuma, sio mbele.