Uliza Upate Jibu: Zanzibar, ulizia maji kwanza

Likizo inakaribia na naona kila mtu anataka kuvuka, maswali ya Zanzibar yamejaa kuliko hata yale ya ndoa. Haya twende.

*Dada habari za kazi. Mimi na mume wangu tumelipia hoteli Jambiani kwa ajili yetu na watoto, kwenye picha bahari iko mlangoni kabisa. Sasa kuna rafiki yangu alienda kule akasema aliamka asubuhi bahari hakuna, mchanga mtupu na wamama wanalima! Tumepigwa? Na Mnemba twende saa ngapi? – Mama Wawili, Dodoma*

Hamjapigwa shoga, bahari ipo, imetoka kutembea tu. Pwani yote ile ya mashariki, Jambiani, Paje, Bwejuu mpaka Matemwe, ufukwe wake ni bapa na mwamba uko mbali huko nje, kwa hiyo maji yakipwa yanakimbia mpaka unabaki kuona kamstari keupe ka mawimbi kwa mbali, afu baada ya masaa sita hivi yanarudi mpaka kwenye ukuta wa hoteli, na aliyepiga ile picha alisubiri yajae, we ungepiga saa ngapi?

Kinachotuchanganya sie wa bara ni kwamba maji hayana saa moja, kila siku yanachelewa kama dakika 50. Wenyeji wanahesabu kwa mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 na tarehe 15 za Kiislamu na siku mbili tatu mbele, hilo ni bamvua, yanajaa sana na kupwa sana, na hapo Unguja yanapwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Kwenye tarehe 8 na 23 hivi ni maji mafu, mambo yanageuka, saa nne asubuhi ndo yamejaa na hata yakipwa hayaendi mbali. Sasa we mwenye watoto wanaotaka kuogelea asubuhi tafuta maji mafu, ila kama mnataka kutembea kwa miguu kuelekea mwambani na kuona vitu, bamvua asubuhi hakuna mfano. Nendeni na mwenyeji na mkigeuka mgeuke mapema, maji yakianza kurudi hayapigi hodi.

Hao wamama ni wakulima wa mwani, vile vijiti vilivyopangwa mistari na kamba katikati ni shamba la mtu, msikatize juu yake na watoto wasing'oe. Vaeni viatu vya maji, kwenye mawe kuna wale wadudu weusi wa miiba, ukimkanyaga mmoja likizo imeisha hapo hapo. Mkitaka bahari isiyowakimbia chukueni siku moja Nungwi au Kendwa kule kaskazini, pale kina kiko karibu na unaogelea karibu saa yoyote.

Mnemba nendeni asubuhi na mapema kabla boti hazijajaa. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli, hushuki kama hujalala pale, nyie mnafanya snokeli pembeni kwenye miamba na samaki wapo mpaka unachoka kuhesabu. Siku za bamvua mkondo una nguvu, so watoto laifujaketi hazitoki mwilini hata wakilia. Na papasi wa ufukweni, yule dalali wa watalii, akikutajia bei muulize hapo hapo, ni pamoja na ada ya hifadhi? miwani? chakula? Maana ukishapanda boti kila kitu kinakuwa na bei yake.

*Mambo vipi, mi nataka kujifunza kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji, pale Paje, nina likizo Aprili. Inawezekana kwa wiki moja? – Kijana wa Mwanza*

Wiki inatosha mdogo wangu, kama upepo upo siku tatu hivi unaanza kusimama kwenye ubao. Shida ni Aprili. Kaiti inataka upepo wa kusi au wa kaskazi, yaani Juni mpaka Septemba au kuanzia mwisho wa Desemba mpaka Februari, na Aprili ni masika, upepo hauaminiki, mvua juu, na sehemu nyingine zinafunga kabisa. Sogeza likizo iwe Julai. Afu muulize mwalimu cheti, wapo wanaofundisha kwa sababu tu wana kaiti.

*Shikamoo. Nataka kumpeleka mama yangu, ana miaka 70, magoti yanamsumbua na bahari anaiogopa. Atafanya nini huko? Na pomboo wa Kizimkazi je? – Binti wa Morogoro*

Marahaba. Mama atafurahi kuliko nyie. Mji Mkongwe mpeleke asubuhi kabla ya jua kali, kuna kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lilifungwa 1873, vile vyumba vya chini ni vifupi inabidi uiname sana so na magoti hayo akae juu, ndani ya kanisa pana viti na ubaridi. Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, muioneshe kwa nje tu, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Jioni Forodhani, urojo na juisi ya muwa, hapo hata kumwondoa itakuwa kazi.

Msitu wa Jozani pia anaweza, kima punju wanakaa karibu na barabara wala hamuendi mbali, na hao huwapati popote duniani ila Zanzibar. Njia ya mbao kwenye mikoko ni tambarare. Kisiwa cha Changuu kwa wale kobe wakubwa, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli 1919, mi ningeiacha, mara nyingi boti inakushusha kwenye maji ya magotini na kuipanda tena ni kubebwa.

Pomboo sishauri. Nimeona boti kumi zinamkimbiza mmoja, watu wanarukia maji juu yake, hiyo sio utalii. Mkilazimika, alfajiri, nahodha azime injini mbali na hakuna kuruka. Mkiwa Kizimkazi ingieni kuuona msikiti wa Dimbani, maandishi yake ya kibla yana tarehe ya 1107, mama ajitande vizuri tu.

Na boti kutoka Dar, kama ni msimu wa kusi, kwenda mnasukumwa, kurudi ndo shughuli maana mnapigana na mawimbi. Kaeni nyuma, chini, na tangawizi mkononi.

*Tunatoka Nairobi kwa ndege, Ijumaa mpaka Jumapili, tunataka kuzamia na mitungi mara mbili Jumapili asubuhi halafu jioni turudi. Sawa? – Washikaji Watatu*

Sio sawa kabisa. Ukizamia mwili unajaa naitrojeni, ukipanda ndege haraka inageuka mapovu kwenye damu, mtu anapooza. Mkizamia zaidi ya mara moja subirini angalau masaa 18. Zamieni Jumamosi asubuhi, jioni mle pweza, Jumapili Jozani afu eapoti.