Jibu: Tarumbeta inayogoma kutoa Do ya juu

Salamu, mdogo wangu. Umeeleza kwamba katika bendi ya shule unatoa Do ya chini na Sol bila kubonyeza kitufe, lakini Do ya juu inagoma na midomo inachoka baada ya dakika 10. Kwanza jitazame kwenye kioo mara tu unapoacha kupiga: ukiona alama nyekundu ya duara iliyodidimia, basi unaikandamiza tarumbeta usoni, na midomo iliyobanwa haiwezi kutetemeka. Mimi nilikandamiza muhula mzima nikidhani nguvu ndiyo hupandisha sauti, hadi mwalimu aliponitaka nitoe kidole kidogo cha kulia kwenye ndoano yake, kwa kuwa ndicho nilichoivutia tarumbeta. Noti hizo tatu hutofautishwa na kasi ya pumzi na kukazwa kwa pembe za mdomo, hivyo panda taratibu kutoka Sol, ukipumzika kwa muda uleule uliopiga, na uache kabisa midomo ikianza kuuma. Ukijipima kwa kinanda, kumbuka kwamba Do ya tarumbeta ya kawaida ni Si bemoli kwenye kinanda, yaani kitufe cheusi kilicho kushoto mwa Si. Tromboni sijaipiga, kwa hiyo haya ni ya tarumbeta tu.