Wapimeni Watoto Kabla ya Kukata Tiketi

Likizo ya Juni inakaribia. Barua nyingi zilizotufikia kutoka Dodoma mjini na wilayani zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: familia isiyowahi kwenda bustani ya michezo ya maji ijipange vipi kuteremka Dar es Salaam? Tumechagua tano.

Tuna watoto watatu, wa miaka 13, 8 na 3. Baba yao anataka tupande treni ya SGR Jumamosi asubuhi, tukishuka twende moja kwa moja bustani ya maji ya Kunduchi, Jumapili turudi. Mimi naona ni mbio tupu. Na nauli itafika kiasi gani? – Mama wa watatu, Nkuhungu

Mama, ni mbio kweli. Treni yenyewe haina shida, ni kama saa nne hivi. Shida huanza mkishuka Stesheni ya Magufuli. Ninyi mko katikati ya jiji, Kunduchi iko mbali kaskazini, kwa Barabara ya Bagamoyo. Mtafute gari la kutosha watu watano na mabegi, mpite foleni ya Mwenge, mfike, mbadilishe nguo: mchana umeshaingia. Kiingilio mmelipa cha siku nzima, na mnaanza kuogelea saa ambayo jua ni kali kuliko zote na mdogo anataka kulala. Atalia, na mmoja wenu atashinda kivulini akimbembeleza.

Safirini Ijumaa, hata kwa treni ya jioni, bustani iwe Jumamosi, mrudi Jumapili. Laleni Mbezi Beach, Kunduchi au Tegeta, si Kariakoo. Chumba cha Kariakoo kikiwa nafuu, hiyo nafuu itaishia kwenye teksi. Fikeni lango linapofunguliwa, maana saa mbili za kwanza ndizo zenye foleni fupi kwenye slaidi, ile miteremko ya kutelezea hadi majini. Siku ya katikati ya wiki ni bora zaidi kuliko Jumamosi, ila pigeni simu kwanza: bustani za aina hii huwa na siku za kufungwa kwa usafi au za kundi maalumu.

Nauli: kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyoanza na treni hii mwaka 2024, daraja la kawaida Dodoma hadi Dar ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima na 15,500 kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Wa chini ya miaka 4 halipiwi. Wengi hukosea kwa mtoto wa miaka 13, kwa sababu relini huyo ni mtu mzima. Kwenu ni 108,500 kwenda, 217,000 kwenda na kurudi. Treni ya haraka ina bei ya juu zaidi. Kateni tiketi za kurudi siku hiyo hiyo mnayokata za kwenda; mwisho wa likizo viti huisha.

Mwanangu ana sentimita 116. Nimesikia kuna watoto hukataliwa mlangoni mwa slaidi. Naweza kumvalisha viatu vya soli nene? – Baba, Kongwa

Hapana, baba. Atavuliwa viatu, na mitindo ya nywele hubonyezwa chini ya kipimo. Mpimeni nyumbani: pekupeku, visigino na mgongo vikigusa ukuta, kitabu kikilazwa kichwani, penseli ichore chini ya kitabu. Pimeni mchana, kwa kuwa mtu hupungua karibu sentimita moja tangu anapoamka hadi jioni, na mwenye sentimita 122 za alfajiri huenda asizifikishe saa tisa.

Vipimo vinavyotumika sana kwenye slaidi kubwa duniani ni inchi 42 na inchi 48, yaani sentimita 107 na 122. Wako atapita cha kwanza na kukwama cha pili. Kimo hicho hakikuwekwa ili kuwaudhi wazazi. Mtoto mfupi mara nyingi ni mwepesi: hukwama katikati ya mteremko anayemfuata akampiga kwa nyuma, au huyumba na kupanda ukingo. Tena akitua bwawani lazima asimame mwenyewe kichwa kikiwa juu ya maji. Ni hivyo hivyo kwenye mashine za nchi kavu. Space Mountain, treni ya michezo ya Disney huko Florida, haimpandishi aliye chini ya sentimita 112, kwa kubembeleza wala kwa hongo.

Kwa hiyo pigeni simu, ulizeni kimo cha kila slaidi, mwambieni mtoto ukweli kabla hamjatoka Kongwa. Akiujulia juu ya ngazi, baada ya kupanga foleni na kaka yake kuruhusiwa, siku imeharibika. Umri wake ukiwa miaka sita au saba, kila mwaka huongeza sentimita tano au sita. Mwakani huenda akapita.

Tunaruhusiwa kuingia na chakula? – Msomaji, Mpwapwa

Bustani nyingi huzuia chakula cha nje, lakini cha mtoto mchanga kwa kawaida huruhusiwa. Wapeni watoto chai nzito asubuhi, wekeni fungu la pesa la chakula cha mchana na maji. Chakula cha njiani ni halali yenu, ila kisu cha kumenyea maembe kiacheni nyumbani, mizigo ya SGR hukaguliwa kwa mashine.

Watoto wangu hawajui kuogelea. Nimefikiri niwapeleke Hombolo au Mtera wajizoeze, halafu Dar niwavalishe maboya ya mikononi. – Baba, Ipagala

Yote mawili tunayakataa. Mtera kuna mamba na viboko, na maji yaliyotuama ya mabwawa yetu yanaweza kuwa na kichocho. Tafuteni hoteli ya Dodoma yenye bwawa na mwalimu. Katika wiki nne, mara mbili kwa wiki, wafundishwe mambo matatu tu: kutoa pumzi uso ukiwa majini, kulala chali na kuelea, na kugeuka kurudi ukingoni. Mitindo ya kuogelea ije baadaye.

Maboya ya mikononi huchomoka na hupasuka. Mtoto anahitaji jaketi la kuokolea linalolingana na uzito wake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Vuteni mabega ya jaketi juu: likifika masikioni, ni kubwa.

Anayezama hapigi kelele. Mdomo wake uko usawa wa maji, pumzi ya kuita hana, na chini ya dakika moja anaweza kupotea huku watu wakicheka pembeni yake. Waokoaji wapo, lakini wanatazama watu wengi. Pangianeni zamu za dakika ishirini: mwenye zamu hana simu, hana mazungumzo, na kwa mtoto mdogo yuko majini umbali wa mkono. Aliyeharisha juzi asiingie bwawani. Vipo vijidudu ambavyo klorini huchukua siku nyingi kuviua.

Namlea binti wa ndugu yangu, ana miaka 9 na ana ualbino. Nimwache nyumbani? – Shangazi, Chamwino

Usimwache, shangazi. Panga saa zake tofauti na za wenzake: aingie lango linapofunguliwa hadi saa nne, akae ndani au chini ya paa zito, arudi majini baada ya saa kumi. Mvalishe nguo ya kuogelea ya mikono mirefu inayofika magotini. Iwe ya nailoni, si pamba, kwa sababu fulana ya pamba ikilowa hupitisha jua zaidi, na bustani nyingi huikataa kwa kuwa nyuzi zake huziba vichujio. Jinzi hukataliwa pia, zipu na vifungo hukwaruza slaidi.

Mafuta ya kuzuia jua yawe na kiwango cha kinga (SPF) 30 au zaidi, yapakwe dakika ishirini kabla ya kutoka, yarudiwe kila baada ya saa mbili na kila anapojifuta. Msisahau masikio, nyuma ya shingo na juu ya nyayo. Yapo ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia kliniki ya ngozi mapema. Na kwa kuwa macho yake huenda hayaoni mbali, kabla hajaingia mwonyesheni kina cha bwawa kwa kutembea naye, kwani alama zilizoandikwa ukutani huenda asizisome.