Ukishinda, rudi jimu Jumatatu

Jambo hili naliona kila mara. Kijana ana kushoto kwepesi, anaiona ngumi kabla haijatoka, anashinda kwa KO, yaani mpinzani kaanguka hainuki, raundi ya pili, halafu haonekani jimu mwezi mzima. Akirudi, mashavu yamejaa, pumzi hana, na siku hiyo hiyo anataka sparingi, kupigana kwa mazoezi. Wadogo zangu, nawafokea kwa sababu nawapenda. Kipaji mnacho. Wapo waliokuwa nacho kuwazidi, kikawaponyoka katika ile miezi ambayo hakuna pambano.

1. Panda mzani kila asubuhi, hasa ukiwa huna pambano. Bondia Buster Douglas alipompiga bingwa wa dunia Mike Tyson kwa KO mjini Tokyo, Februari 1990, alikuwa na pauni 231 na nusu. Oktoba mwaka huo huo alipanda ulingoni dhidi ya Evander Holyfield akiwa na 246, akalala raundi ya tatu. Andy Ruiz naye alimwangusha Anthony Joshua mara nne Juni 2019, akiwa na pauni 268. Desemba akaja na 283, akapoteza kwa pointi, na mwenyewe akakiri kwamba starehe zilimzidi.

2. Kimbia hata kocha asipokuona. Hapa lazima nimzungumzie bondia Riddick Bowe, maana kila nikitazama mapambano yake naumia. Alipotaka kufundishwa na kocha mzee Eddie Futch, mzee alikuwa na shaka naye. Akamwambia anasafiri, kisha alfajiri akaenda kujificha njiani amwone. Bowe akatokea anapanda kilima, anakimbia peke yake. Huyo ndiye Bowe aliyemshinda Holyfield Novemba 1992 akiwa na pauni 235 na umri wa miaka 25: mtu mkubwa vile, anapigana kwa karibu kama bondia wa uzito mdogo, anapiga mwili, anapandisha apakati (ngumi ya kutoka chini kwenda juu), jebu (ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele) haikatiki. Raundi ya kumi ya pambano lile itazameni usiku wa leo.

Baada ya hapo? Mwezi uliofuata, London, akautupa mkanda wa ubingwa wa WBC, chama kimojawapo cha ngumi duniani, kwenye pipa la taka asipigane na Lennox Lewis, ambaye alimpiga Bowe kwenye fainali ya Olimpiki ya Seoul 1988. Akatetea ubingwa wake mara mbili, na pambano moja halikufika hata raundi ya pili. Wapinzani wepesi, tumbo likaanza kuonekana. Novemba 1993 akarudiana na Holyfield akiwa na 246. Mnaona? 246 tena, na Holyfield tena, akipokea zawadi ya mtu aliyekula mapumziko. Ubingwa ukaondoka kwa pointi. Kufika 1996 Bowe alikuwa na 252 mbele ya Andrew Golota, akapigwa vibaya katika mapambano mawili na kushinda yote kwa sababu tu Golota aliondolewa kwa kupiga chini ya kiuno. Rekodi yake ina kipigo kimoja tu, kwa hiyo usomaji wa rekodi hautakuonyesha kilichopotea. Na Lewis hakukutana naye tena kamwe.

3. Jifunze kufunga bandeji zako mwenyewe.

4. Usitegemee macho peke yake. Wilfred Benitez alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 17, mwaka 1976, na alipofika 22 alikuwa ameshachukua mikanda ya ubingwa katika madaraja matatu ya uzito. Alikwepa ngumi kiasi kwamba waliokuwa mbele yake walionekana wanapiga hewa. Lakini mazoezi hayakumpendeza, na umri wa miaka 24 haukwisha kabla hajaanza kuporomoka. Macho yakichelewa kidogo tu, gadi (mikono inayokukinga) na miguu ndivyo vinavyokuokoa, navyo hujengwa kwa kuruka kamba na kupiga begi. Ngumi alizokula baadaye ziliharibu ubongo wake. Nawaomba hili mlichukulie kwa uzito wote.

5. Msinung'unike kwa pambano la kwanza mlilopoteza. Bondia Bernard Hopkins alipoteza la kwanza kabisa la kulipwa, 1988. Kati ya pambano na pambano hakuacha uzito wake upande ovyo, na Aprili 2014 aliunganisha mikanda ya ubingwa ya vyama viwili akiwa na miaka 49.

Aliyeshinda wiki iliyopita namtaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, viatu vya kukimbilia mguuni. Mzani kwanza.